Vidonge vya Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla ya kufunga viatu vya shule, Kitinda alimeza vidonge viwili mbele ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa kushona, na saa hiyo mguu ulikuwa tayari unakanyaga cherehani. "Kopo hili likiisha utapona, mwanangu," alimwambia. Kitinda alikuwa akiyasikia maneno hayo tangu darasa la pili. Sasa alikuwa darasa la sita, na makopo matupu yalikuwa yamejaa rafu nzima.

Mtoto naye ana akili zake. Aliwaza kwamba kama kupona ni uongo, basi hata ugonjwa ni uongo. Akaanza kuvificha vidonge chini ya ulimi na kuvitema mtaroni. Siku ya pili alicheza mpira mpaka akalowa jasho, akajiona mshindi.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya nne alitapika, akaanguka darasani, mwili umemlegea. Mwalimu alimkimbiza zahanati, mama akawakuta huko. Daktari, ambaye aliujua ugonjwa wake tangu zamani, alipouliza kuhusu dawa, mama aliapa kwamba mwanawe hajakosa hata siku moja. Basi daktari akaanza kuandika kipimo cha malaria. Kitinda alisikia yote. Aliona aibu kumuumbua mama mbele za watu, lakini kifo alikiogopa zaidi.

"Sijameza," alisema kwa shida. "Siku nne. Nilikuwa natema."

Daktari aliacha kuandika, akaagiza sindano na dripu upesi. Kufikia alasiri Kitinda aliweza kukaa, akauliza atapona lini. Mama akainamisha kichwa.

Daktari hakumficha. Alimweleza kwamba nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi ndogo iitwayo thaimasi, ambayo ni shule ya chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Humo askari hufundishwa wasishambulie viungo vya mwenyewe, na jeni moja, yaani agizo la mwili ambalo mtu hurithi kwa wazazi, ndiyo inayoliandaa somo hilo. Kitinda alirithi jeni hiyo ikiwa na kasoro kutoka kwa baba na kwa mama pia, ingawa wao ni wazima kwa kuwa kila mmoja ana nakala nyingine isiyo na kasoro. Askari wake walitoka bila somo, wakaziua tezi zilizo juu ya figo, ambazo homoni zake huupa mwili nguvu. Vidonge vinafanya kazi ya tezi hizo tu, kuwafundisha askari haviwezi.

"Kwa hiyo nitameza mpaka lini?"

"Maisha yako yote, binti."

Kitinda alilia sana, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

"Mimi ndiye niliyeanza kudanganya," mama alisema baadaye. "Nilitaka kukutia moyo, kumbe nakufundisha kutoniamini. Leo umepona kifo kwa sababu ulisema kweli. Mgonjwa akidanganya, au akidanganywa, dawa haimsaidii. Tusifichane tena, hata kama ukweli unauma."

Kitinda alifuta machozi. "Mama, hao askari wataharibu na kiungo kingine?"

"Sijui, mwanangu. Huenda."

Hakuwahi kujibiwa hivyo na mama yake. Jibu lilimtia hofu, lakini aliliamini.