Nyumba Ambamo Hakuna Mzee Anayeanguka

"Muuaji wewe! Unataka kuniulia baba!"

Karatasi ikanipiga usoni!

Aliyeirusha ni Varsha, binti wa mzee Rasik, babu wa miaka themanini na nne ninayemhudumia kwenye nyumba ya wazee hapa Kenton, ughaibuni. Ni Wahindi wa Moshi hao, Kiswahili wanakiongea kama mimi na wewe.

Pembeni yake kasimama Winifrida. Mtanzania mwenzangu, meneja wetu, aliyeniingiza kazini mwenyewe... anatabasamu!

"Si nilikwambia, dada Varsha? Huyu kaishia la saba. Mzee kaanguka mara mbili mwezi huu, mikononi mwake!"

Jamani, mimi si mtu wa kubishana. Mimi huwa naangalia.

Na nilishaona. Wini alikuwa anahamishiwa nyumba nyingine ya kampuni yetu, kule Stanmore. Vitanda vya huko vitupu, akawa anahamisha wazee wetu mmoja mmoja ili avijaze.

"Soma," akamwambia Varsha. "Miezi mitatu. Walioanguka Kenton, kumi na mmoja. Stanmore, sifuri!"

"Umesikia, we msichana? Sifuri! Baba anahama leo!"

Mzee Rasik akang'ang'ania fremu yake ya kutembelea.

"Siendi! Nikianguka naanguka mimi, wewe inakuuma nini?"

"Baba, nyamaza!"

Nikaiokota ile karatasi. Chini ilikuwa imekunjwa. Nikaikunjua.

"Samahani mama, hapa panasemaje?"

Wini akaruka. "Lete hiyo!"

Varsha kashaidaka. Akasoma taratibu...

"Wenye vidonda vya kulala au kukaa sana bila kugeuzwa. Kenton, mmoja. Stanmore... tisa?"

Akaniinulia macho.

"Nilifanya shifti kule wiki mbili, mama," nikasema. "Asubuhi mzee anakalishwa kitini, anabaniwa na meza mbele mpaka jioni. Ataangukia wapi? Huku tunawatembeza. Wanaanguka, sikatai. Ila baba yako alikuja hapa amebebwa, leo anaenda chooni mwenyewe."

"Mwongo! Anajua nini, la saba huyu!"

Varsha akamgeukia. "Wini, angekuwa mama yako ungemweka wapi?"

"Stanmore! Tena leo hii!"

Mlango ukafunguliwa. Akaingia bibi Aikaeli wa chumba namba nne, mdogo mdogo na fremu yake.

"Wini mwanangu! Mbona umefika hata hujaja kunisalimia?"

"Mama yake mzazi huyo!" nikamwambia Varsha.

Wini alimleta kwetu Januari, akanishika mkono: mama yangu umtembeze wewe, kila siku.

"Kwa hiyo wako anatembea," Varsha akasema, "wangu akaoze!"

Akachana fomu ya kuhama aliyopewa na Wini vipande vipande. Wini akatoka hata mkoba kausahau.

Msamaha? Varsha hakuniomba. Aliniuliza tu, macho makavu, "Kesho mnatembea saa ngapi?"

"Saa nne, mama."

Ndugu zangu mnaotafutia wazazi nyumba, sifuri ya kwenye karatasi isikutulize. Ingia ndani uhesabu wangapi wamesimama. Kisha muulize meneja, mzazi wake yeye kamweka wapi.