Alama Yangu Ndani ya Kompyuta ya Watu

"Ndiye huyu! Ameniulia kompyuta, na leo hii anatoka!"

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa. Mimi ni fundi wa kompyuta, na hata viatu nilikuwa sijavua.

Dada wa kazi alikuwa kwenye kona ya sebule, analia, begi mkononi. Mama mwenye nyumba amemsimamia kama askari.

"Umepiga deki ukaimwagia maji! Nitaambia kila nyumba mtaa huu, asikuchukue mtu!"

"Mama, naapa, sikuigusa..."

"Funga mdomo!"

Jamani, roho iliniuma. Nikajisemea, kazi kwanza.

Nikabonyeza kitufe. Kimya...

Nikahamia soketi nyingine. Taa ya mezani inawaka, kompyuta wapi! Nikabadilisha waya. Hakuna. Swichi ya nyuma ipo sawa. Basi imebaki pawa saplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme na kuugawa.

Nikafungua mfuniko. Maji? Hata tone! Nikachomoa lile boksi...

Ptuu!

Harufu ya mkojo wa panya ikanipiga usoni. Mende wawili wakapanda mkononi. Matundu ya feni yamejaa nywele na mavi ya panya. Nikakung'uta mkono, mende wakaanguka sakafuni.

Kisha nikaona ubavuni. Alama ya X kwa rangi nyekundu ya kucha, na chini yake neno IMEKUFA.

Mwandiko wangu!

Wasomaji wangu, karakanani kwetu, mimi na kaka yangu, kifaa kikifa nakipiga alama hiyo kisije kikauzwa. Hili boksi nililitupa mwenyewe kwenye takataka za chini ya meza, wanakolala panya.

"Mama, nani aliifungua hii mara ya mwisho?"

"Si kaka yako! Wiki iliyopita alikuja kuisafisha vumbi. Akasema nisiiwashe mpaka kesho yake, dawa ikauke. Kesho yake ndipo huyu akapiga deki, nami nilipoiwasha, haikuwaka."

Dawa ikauke! Hakuna dawa ya namna hiyo. Alichomoa boksi zima akaweka hili bovu.

Kaka yangu wa tumbo moja... Aliyenifundisha kushika bisibisi!

Ningeweza kusema "ni maji tu, mama," nikalinda jina la karakana. Nakiri, wazo lilinipitia. Nikajichukia.

Nikampigia kaka, nikaweka spika.

"Kaka, pawa saplai nzima ya huyu mama iko wapi?"

Akacheka. Alicheka, jamani!

"We mdogo wangu, si juzi juzi tu umenikumbatia ukanishukuru? Ndiyo ile zawadi niliyokufungia kwenye kompyuta yako!"

Nikakata simu. Siku zote hizo nafanyia kazi kitu cha wizi, tena najisifu kwa majirani nina kaka anayenipenda!

Nikaenda nyumbani, nikaichomoa kwenye kompyuta yangu, nikarudi nayo kwa mama, nikaifunga kwenye yake. Nikabonyeza. Ikawaka mara moja.

"Mama, dada hana kosa. Mwizi ni kaka yangu, na mali ilikuwa kwangu."

Mama akatabasamu... kwa kompyuta.

"Haya, afadhali imepona." Kisha akamgeukia dada. "Na wewe acha kununa, kaoshe vyombo."

Vyombo! Samahani hata ya uongo hakuna!

Dada akafuta macho.

"Utaosha mwenyewe, mama."

Akatoka. Nikamkimbilia mpaka barabarani nikamwomba msamaha, maana kwenye nyumba ile hakuna ambaye angemwomba. Akaweka begi begani.

"Wewe angalau ulifungua ukaangalia," akasema, akaenda zake.

Na kaka nimeachana naye kikazi. Ndugu zangu, kompyuta isipowaka kagua soketi, waya, swichi, kisha ndani. Kumlaumu mtu acha kwanza. Na ukipewa zawadi nzuri, hata na ndugu yako wa damu, uliza imetoka wapi. Mimi sikuuliza, na binti wa watu amekosa kazi huku mimi nikifurahia.