Kitu Kilichofanana na Flashi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Annastella alifagia uwanja, akamsaidia mama yake, Klaudia, kumenya ndizi za mchana, kisha akamwamkia baba yake na kuondoka. Baba yake, Evarist, alikuwa na duka dogo la karatasi na fotokopi karibu na stendi ya Muleba. Alikuwa amevuta sigara kwa miaka ishirini na miwili. Mashati yake yalinuka moshi hata yakifuliwa, na alfajiri alikohoa mpaka majirani wakaamka.

Mwaka uliopita, siku Annastella alipopata sakramenti ya kipaimara kanisani, Evarist alisimama mbele ya wageni akasema kwamba ameacha sigara. Tangu siku ile hakuna aliyemwona na sigara tena. Annastella alijivuna sana. Alikuwa darasa la saba na mwenyekiti wa klabu ya afya ya shule, na siku ya wazazi ilipokaribia aliandika igizo fupi kuhusu baba aliyeishinda sigara. Hakumtaja kwa jina, lakini darasa zima lilijua ni nani.

Mwalimu Riyadhi, mlezi wa klabu, aliyarekodi mazoezi ya igizo hilo. Akawaomba wanafunzi wamletee flashi ili awanakilie wajitazame na kujirekebisha. Annastella alisema ataleta yeye, maana kwao flashi ni nyingi.

Asubuhi iliyofuata baba alikuwa ametangulia dukani, lakini koti lake lilikuwa kwenye kiti. Annastella alipapasa mfukoni akatoa kitu chembamba cheusi chenye kifuniko, urefu kama wa kidole. Kilinukia kama peremende ya embe. Alikitia kwenye mkoba na kwenda zake.

Mwalimu Riyadhi alikifungua ili akichomeke kwenye kompyuta, akasita. Alikigeuza, akakinusa, kisha akauliza kimetoka wapi.

"Kwenye koti la baba, mwalimu. Kwani si flashi?"

"Hapana. Hii ni sigara ya kielektroniki. Ndani kuna majimaji yanayopashwa moto na betri, na mtu anavuta mvuke wake."

Annastella alisema haiwezekani, kwa sababu baba yake alikwisha acha. Mwalimu alimpeleka kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Mujuni, naye akampigia Evarist simu.

Evarist alifika baada ya nusu saa. Ofisini walikuwamo wajumbe wawili wa kamati ya shule, watu waliozoea kumpelekea kazi za kuchapa. Mwalimu Mujuni alikiweka kile kitu mezani na kueleza kwamba mtoto anasema amekitoa kwenye koti la baba yake. Evarist alikitazama kwa muda. Akawatazama wale wajumbe.

"Sikijui, mwalimu," alisema. "Mimi niliacha kuvuta, watu wote wanajua. Labda amepewa na wenzake, sasa anaogopa kuwataja."

Annastella alimgeukia. "Baba, kilikuwa kwenye koti lako."

"Nyamaza, Annastella."

Alimwangalia baba yake akingoja ageuke amtazame. Hakugeuka.

Siku hiyohiyo alivuliwa uenyekiti na kutolewa kwenye igizo, nafasi zake akapewa mwanafunzi mwenzake, Wilbert. Wakati wa mapumziko wasichana aliozoea kula nao walisogea pembeni. Mmoja akauliza kwa sauti kama sigara ya embe ni tamu. Annastella alitembea kurudi nyumbani peke yake, na alipomsimulia mama yake, alilia mpaka akapata kwikwi.

Klaudia alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akamwambia kwamba anamwamini. Jioni aliongea na mumewe. Evarist alikiri kwamba kile kitu ni chake, akamsihi mkewe aende shuleni kuweka mambo sawa. Klaudia alikataa. Alisema kosa lilikwisha sukumwa kwa mtoto, na yeye hatakubali lisukumwe sasa kwake.

Kwa siku tatu Annastella hakumwamkia baba yake. Alimwekea chakula mezani na kutoka. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake, na kila alipopita kimya mbele yake moyo ulimwuma, lakini neno lilikataa kutoka.

Siku ya tatu, baada ya masomo, Evarist alimwita kibanjani, katikati ya migomba nyuma ya nyumba. Alimweleza kwamba baada ya kipaimara alikaa siku tisa tu bila sigara. Mikono ilimtetemeka na usingizi ulikimbia. Alipokwenda Bukoba kununua karatasi, muuzaji mmoja alimwambia kwamba kile kitu ni dawa ya kuachia sigara, hakina moshi wala harufu mbaya. Alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini.

"Nilijiambia kwamba sivuti tena, maana siwashi moto," alisema. "Nikaona aibu kumweleza mtu."

"Sikukasirika kwa sababu unavuta," Annastella alisema. "Nilikuwa nimesimama karibu yako, Tata, baba yangu. Ukasema hunijui."

"Nilisema sikijui kile kitu."

"Kwangu ni yaleyale."

Evarist aliinama. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Kesho nitakwenda."

Kesho yake alikwenda kweli. Aliomba wale wajumbe wawili waitwe, na wanafunzi wa darasa la saba wakusanyike. Mbele yao wote alisema kwamba ile sigara ilikuwa yake, kwamba binti yake alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba yeye alimsingizia ili kulinda jina lake. Mwalimu Mujuni naye alimwomba Annastella radhi kwa kumwamini mtu mzima bila kuchunguza, akamrudishia uenyekiti na nafasi yake kwenye igizo. Wale wasichana walirudi mmoja mmoja. Annastella aliwapokea, ingawa hakusahau upesi.

Wiki iliyofuata baba na binti walipanda basi kwenda hospitali Bukoba. Daktari Varsha, mama wa makamo ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini, alimsikiliza Evarist bila kumkemea. Alimweleza kwamba kwa kuacha sigara za kawaida amejiepusha na moshi wa tumbaku iliyoungua, lakini nikotini, ile inayomfanya atamani kuvuta, bado anaiingiza mwilini. Mvuke huo nao una madhara yake, hasa kwa vijana ambao ubongo wao bado unakua. Kwa hiyo safari ya kuacha haijaisha. Alimpangia namna ya kupunguza kidogo kidogo na kurudi kila mwezi.

Miezi miwili ilipita vizuri. Jioni moja Evarist aliingia jikoni walimokuwa Klaudia na Annastella, akakaa kwenye kigoda karibu na binti yake. Hakuna aliyekuwa amemwuliza neno.

"Leo nimevuta," alisema. "Mara moja, nyuma ya duka. Nimekwisha mpigia daktari."

Annastella alinyong'onyea, akamtazama mama yake.

"Tumbaku imemshika miaka ishirini na miwili," Klaudia alisema, "haitamwachia kwa siku moja, na hatutamlaumu kwa hilo. Lakini uongo wa pale ofisini ulichukua dakika moja tu, ukakuumiza kuliko moshi wa miaka yote. Nawe ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

Evarist alikuwa bado amekaa palepale. Aliitikia kwa kichwa, akasema kwamba ni kweli.