Aliyewaita Mbwa wa Rauni

Haya yalimpata rafiki yangu Rauni, anayetembeza wageni kwa sleji inayovutwa na mbwa kwenye theluji hapa Inari, kaskazini kabisa mwa Ufini, naye si mtu wa porojo. Ilikuwa mchana, ila Desemba kwetu jua halichomozi. Alikuwa amewabeba mama mmoja na binti yake mdogo, Venla, wakikatiza ziwa lililoganda.

"Mbwa gani hawa, wanatembea kama ng'ombe wa maziwa!" mama alimtania.

"Ngoja wanuse supu ya samaki, utaniomba breki," Rauni akajibu.

Ghafla mbwa wakasimama, masikio juu, Halla akiwa mbele yao. Gizani mbele yao mwanamke akaita, "Halla! Njoo, mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya Rauni mwenyewe.

Mbwa wakachomoka. Rauni akawapigia kelele, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Ikakwaruza barafu bure. Sauti ikawaita mmoja mmoja kwa majina yao, kwa upole, na kila aliyeitwa akazidi kuvuta. Chini yao barafu ikaanza kulia.

Kisha wakasimama wenyewe, wakitikisa mikia. Rauni akamulika taa: theluji tupu, haina hata unyayo.

"Tugeuze, dada, nakuomba!" mama akalia.

Rauni akashuka, akamvuta mbwa wa mbele mpaka mikono ikafa ganzi. Hakusogea hata mmoja.

Baadaye watu wa pikipiki za theluji waliwakuta na kuwaokoa. Lakini kabla hawajafika, sauti iliita tena, karibu kabisa: "Venla."

Na mtoto, kifuani mwa mama yake, akaitika kwa furaha, "Abee, nakuja!"