Rangi ya Chai ya Maziwa

Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limejaa pomoni, watu wanasukumana utadhani misumari inagawiwa bure, na Brashi, ambaye hata mama yake alishasahau kumwita jina lingine, alikuwa anatoka kinyumenyume na ndoo ya rangi. Kinyumenyume, jamani! Na kifuniko hakijakazwa.

"We! Gauni langu!"

Akageuka. Dada kasimama, gauni la bluu limembana kiunoni halafu linafunguka chini kama mwavuli, na begani doa jeupe kubwa.

"Samahani, dada yangu."

"Samahani inafua? Nimelishona mwenyewe hili!"

"Kumbe na wewe fundi?"

"Usijilinganishe na mimi. Fundi gani anatembea kisogo mbele?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Brashi akachukua chupa yake ya kunywa, akalowesha kitambaa. "Hii ni rangi ya maji. Ukiiwahi mbichi inatoka. Ikikauka ndiyo basi tena." Akafuta pole pole, na kweli, doa likatoka. Dada akaondoka bila kuaga, ila mlangoni aligeuka kidogo. Brashi aliona alivyogeuka.

Sasa sikia. Jumatatu akaripoti kazi mpya, nyumba ya kupangisha ya ghorofa moja, ukuta umebanduka kama ngozi ya mgonjwa. Chini, kwenye chumba cha barabarani, nani kakaa nyuma ya cherehani?

"Umenifuata na ndoo yako?"

"Nimekuja kumalizia bega la pili."

Akacheka mpaka uzi ukamponyoka.

Mwenye nyumba, mama wa miwani mikubwa, alimvuta Brashi pembeni. "Nje tu. Ndani usiguse kitu. Ziba nyufa, piga rangi, ing'ae. Kuna mtu anainunua, na anaitaka tupu. Wapangaji nitawaambia mwenyewe. Wewe funga domo lako."

Brashi akaitikia "sawa, mama". Alihesabu ni maneno ya matajiri, yeye yanamhusu nini.

Yakaanza kumhusu. Alipaka sampuli tatu ukutani, pembeni ya dirisha la yule mshonaji, kwa sababu mwenye nyumba alisema rangi yoyote, mradi ivutie. Mshonaji akatoka na vikombe viwili vya chai.

"Hii ya kwanza kama hospitali. Hii kama matapishi. Paka hii, inafanana na chai yetu."

"Umechagua wewe, mrembo. Watu wakiuliza nitakutaja."

Ikawa ndiyo zao. Mchana yeye yuko juu ya ngazi, binti yuko chini anamchokoza. "Shuka, wateja wangu wanadhani nimefuga nyani!" Jioni simu. "Umekula, kipenzi?" "Sijala, nakuwaza." "Nenda ukale, mimi siyo wali." Ovaroli yake ilichanika mfuko, akamshonea kwa uzi mwekundu makusudi, ili kila mtu aulize.

Halafu jioni moja sauti ya simu ikawa nyingine. "Nishauri. Kuna chumba karibu na stendi, mwenyewe ananisubiri mpaka kesho. Wateja wangu wote wako hapa lakini. Nihame, nibaki?"

Brashi aliiona ile miwani mikubwa ya mwenye nyumba, akaliona na dirisha tupu, bila chai, bila mtu wa kumwita nyani. Akafungua mdomo amwambie inauzwa.

"Baki," alisema. "Hapa panapendeza sasa. Wateja wataongezeka."

"Basi nabaki. Nimekusikiliza wewe."

Alijiambia atamweleza kesho. Kila kesho ikawa na kesho yake.

Rangi ilipokauka, mwenye nyumba akaja na habari: wote watoke, mwezi ukiisha pawe patupu. Wapangaji wakapiga kelele kwamba wameshtukizwa. Mama akanyoosha kidole. "Msinionee mimi. Huyo fundi anajua tangu siku ya kwanza. Mbona hakuwaambia, si rafiki yenu?"

Mshonaji hakupiga kelele. Alimwangalia tu Brashi, tepu ya kupimia inaning'inia shingoni.

"Nilikuuliza."

"Mpenzi, nilitaka..."

"Nilikuuliza, ukaniambia baki."

Chumba cha stendi kilishachukuliwa na muuza viatu. Siku ya kuhama Brashi alikuja kubeba cherehani, akaambiwa usiiguse. Ikabebwa na kaka yake mshonaji, ikaenda kukaa sebuleni kwa dada yao, huko ambako mteja hafiki.

Brashi alipiga simu hadi akachoka kusikia mlio. Mara moja ikapokelewa.

"Nataka nije kwenu na baba mdogo. Nikuoe."

"Aje aseme nini? Kwamba nibaki?" Ikakatwa.

Mnunuzi naye akaipenda ile rangi kupita kiasi. Kuna nyumba nyingine anazinunua, nazo anazitaka tupu, zote zipakwe vile vile! Brashi akapanda ngazi akipaka chai ya maziwa mtaa hadi mtaa, mfuko una uzi mwekundu, roho imekauka.

Kwenye nyumba iliyofuata, kinyozi wa chumba cha chini alitoa kichwa nje. "Fundi, mbona mnatupendezesha hivi? Kuna usalama kweli? Nataka kununua viti vipya."

Brashi alishuka ngazi yote. "Usinunue, kaka. Inauzwa hii. Tafuta chumba leo."

Jioni alikuwa hana kazi. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapiga ile namba. Ikapokelewa. Upande wa pili cherehani inalia.

"Leo nimemwambia mtu," alisema. "Kinyozi mmoja. Nimemwambia ukweli, wamenifukuza."

Cherehani ikanyamaza.

"Umefanya vizuri," mshonaji alisema, na sauti haikuwa na hasira, bora hata ingekuwa nayo. "Ila ungeanzia kwangu, Brashi. Ilipokuwa bado mbichi."

Cherehani ikaanza tena, halafu simu ikakatika.