Birika Moja la Maji ya Moto

Jumapili mchana Mwatima aliizima boila, mashine ya gesi ya kupasha maji na nyumba, kwa mkono wake mwenyewe, akaenda sebuleni kukunja nguo, na kabla hajamaliza soksi za mtoto akaisikia inanguruma tena jikoni. Alirudi. Swichi ilikuwa imezimwa vilevile alivyoiacha. Nyuma ya kitundu cha kioo moto wa buluu ulikuwa unacheza, na jikoni palinuka nywele zilizoungua.

"Lila, umegusa boila?"

"No, Mum," mtoto alijibu kutoka ghorofani.

Lila alikuwa na miaka saba, mzaliwa wa mtaa huu wa Barking, ughaibuni. Kiswahili cha mamake alikielewa chote, lakini kukijibu alijibu kwa Kiingereza, na Mwatima alishachoka kumgombeza. Waliishi wawili tu katika nyumba ile, tangu baba mtu ashike njia yake.

Ila jambo hili lilianza Ijumaa, na lilianza kwa ubahili. Asubuhi ile boila ilikuwa kimya, na madirisha yameganda barafu kwa ndani. Mpangaji boila yake ikifa humpigia mwenye nyumba, akalalamika, akasubiri. Mwatima ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alipiga simu kwa kampuni moja, akaambiwa pauni mia na ishirini ni za fundi kufika mlangoni tu, kabla hajashika bisibisi. Kipuri kina bei yake. Wikendi nayo ina bei yake.

"Hao wezi waache kwanza," jirani yake Daisy, muuguzi wa Kikenya, alimwambia kutoka ng'ambo ya ua. "Unaona hiyo paipu nyembamba inatoka nje? Maji ya boila yameganda hapo ndani. Imwagie maji vuguvugu itafunguka. Vuguvugu, Mwatima, si ya kuchemka."

Vuguvugu lingechukua muda, na Lila alikuwa anatetemeka ndani ya koti. Mwatima alichemsha birika zima. Saa kumi jioni, jua la baridi linazama, maana huku majira hayo magharibi huingia mapema, alitoka uani akalimimina lote juu ya bomba na juu ya kifuniko cha chuma cha mfereji wa maji machafu chini yake.

Kwao Mombasa, mwanamke hamwagi maji ya moto chini kimya kimya. Husema bismillahi, akawaonya walio chini, majini na watoto wao, wapishe, kisha ndipo akamwaga. Nyanyake alifanya hivyo hata kwa maji ya kuoshea vikombe. Mwatima alilelewa katika hilo, angeweza kulisema usingizini. Lakini siku ile kichwa chake kilikuwa bado kinabishana na yule mtu wa simu, na mdomo ulibaki umefungwa. Chini ya kifuniko kitu kikalia mara moja, kwa sauti nyembamba. Mbweha, akajiambia, Barking imejaa mbweha. Boila ikawaka, na Mwatima akacheka peke yake kwa furaha ya pesa alizookoa.

Sasa, Jumapili, kicheko kilikuwa kimemwisha. Ile harufu ilitoka kwenye kila redieta, vile vyuma vya ukutani vinavyopasha vyumba. Alipoweka sikio kwenye bomba la ukutani alisikia kilio cha mtoto mchanga, hafifu, na juu ya kilio sauti ya mwanamke akimbembeleza kwa kuguna. Alipanda ngazi mbio. Lila alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye redieta iliyokuwa ya moto kiasi cha kuchoma, na alikuwa akiguna wimbo uleule.

Mwatima alimvuta. Mkononi mwa mtoto, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, palikuwa na alama nyekundu, kama michirizi ya maji yaliyotiririka.

"Nani amekuchoma? Lila! Nani?"

Mtoto alimtazama kwa utulivu. Kisha akajibu kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha Mombasa, cha mtu mzima, kile ambacho Mwatima hakukisikia tangu nyanyake azikwe.

"Mwanangu yuko chini hana ngozi. Wako anayo nzuri."

Mwatima aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Alimfunga mtoto mgongoni kwa leso kama kitoto kichanga, akashuka naye, akapanda naye, akamsomea kila aya aliyoikumbuka, na kila alipofika mwisho wa aya boila ilinguruma kule chini kana kwamba inaitikia, na mabomba yakapasha, na kile kilio kikatembea ndani ya kuta kutoka chumba hadi chumba kikiwafuata, mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alimpigia Vinod. Wanawake wa Mombasa walioishi mtaani walimsifu: fundi wa gesi mwenye leseni, Mhindi mzaliwa wa Makadara kulekule Mombasa, mzee sasa, anayekutajia bei yote kabla hajavuka kizingiti. Alifika, akamwonyesha kadi yake ya leseni bila kuulizwa, akafungua boila, akapima hewa ya sumu vyumba vyote. Alipima mara mbili.

"Mashine haina neno," alisema kwa sauti ya chini. "Hata hewa ni safi. Lakini hii harufu mimi naijua, na si ya gesi. Uliifanyani?"

Mwatima alimweleza.

"Ya kuchemka kabisa?"

"Birika zima."

"Wakati wa magharibi?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Ukasema nini ukimwaga?"

"Sikusema kitu." Vinod akashusha pumzi.

"Mimi ni Mhindi, mama. Lakini yaya aliyenilea alinichapa kofi kwa hilo hilo. Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa ni kuomba radhi tu. Una marashi?"

Alikuwa nayo, chupa ya marashi ya waridi aliyoletewa na mamake. Walitoka uani na Lila, ambaye hakusema neno. Mwatima alifukiza ubani, akapiga magoti kwenye barafu, akamimina marashi baridi juu ya kifuniko, polepole, kama anayepoza kidonda.

"Niwie radhi, mwenzangu," alinong'ona huku akilia. "Nami ni mama. Sikukusudia. Niachie wangu."

Mguno wa ndani ya mabomba ukakatika. Mabomba yakanyamaza. Lila akalegea mikononi mwa mamake, na alipoinuliwa mkono wa sweta, ngozi ilikuwa safi, haina hata alama.

Vinod alitoza pauni themanini, bei ileile aliyotaja kwenye simu. "Mwache apumzike, usimsemeshe sana," alisema mlangoni. "Na siku nyingine ukimwaga, waonye. Halafu ngoja. Watu hukumbuka kuonya, husahau kungoja."

Jioni ile Lila alikula vizuri, akatabasamu, akalala mapema. Hakuzungumza, na Mwatima hakumsumbua. Alimshukuru Mungu mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake baridi ilizidi na boila ikazimika. Lila, akiwa bado kimya, alimshika mamake kidole akampeleka jikoni, akalionyesha birika. Mwatima akacheka. Mtoto mwerevu, bomba limeganda tena. Alichemsha maji, safari hii akayachanganya na ya baridi kidogo, si sana, kwa maana ubahili wa muda nao ni maradhi, akatoka na birika uani likitoa mvuke.

Alisimama juu ya kifuniko cha mfereji.

"Bismillahi," alisema kwa sauti kubwa. "Mlioko chini pisheni, ni maji ya moto."

Kisha akangoja, kama alivyoagizwa.

Chini ya kifuniko kitu kikakwaruza chuma. Sauti ikapanda, nyembamba, inayotetemeka kwa baridi, sauti aliyoijua tangu siku alipomzaa mwanawe.

"Mum, don't. It's me."

Nyuma yake mlango wa jikoni ukafunguka taratibu, na joto la nyumba likampiga kisogoni, lina harufu ya nywele zilizoungua.

"Mwaga, mama," Lila alisema kizingitini, kwa Kiswahili kitamu cha Mombasa. "Yasije yakapoa."