Sekunde Tisa za Nchagwa

Simu ilitetemeka mara moja kwenye dashibodi ya Probox.

Millicent Oyaro aliitazama kwa jicho moja. Lingine lilikuwa barabarani. Rongo ilikuwa imebaki nyuma, mshale wa mwendo ulikuwa umepita mia moja na ishirini, na bastola yake ya Glock ilikuwa ikimchoma kiunoni.

Maandishi yakajipanga kwenye kioo.

NCHAGWA: LORI LITAPITA RODI KOPANY SAA KUMI. FUNGENI BARABARA YA HOMA BAY. LETENI WATU WOTE.

Safi. Fupi. Raha hata kusoma.

Hiyo ilikuwa kazi ya Karani, mtambo mpya ambao Idara ya Ujasusi ilikuwa ikiujaribu wiki hiyo. Mtoa habari anapiga namba ya siri, anaacha ujumbe wa sauti, Karani anaugeuza kuwa maandishi na kumtumia jasusi popote alipo. Tena anachuja. Salamu, vikohozi, "yaani" na "unajua", vyote hutupwa nje.

Na kama kuna binadamu aliyehitaji kuchujwa, ni Nchagwa! Dalali wa ng'ombe kutoka Isebania, umri miaka hamsini na tisa, mdomo haupumziki. Nyumba ingekuwa inaungua, angeuliza kwanza mama yako ameamkaje, kisha mvua, kisha ng'ombe. Ng'ombe! Millicent hakuwa na hata kuku. Kila mara alimkatiza: "Mzee Nchagwa, sema kazi." Jumatatu, Karani alipoanza kazi, Millicent alimshukuru Mungu kwa sauti.

Redio ikakwaruza.

"Chui, hapa Kituo." Alikuwa Madam Shamima, mkubwa wake, ofisini Homa Bay. "Umesoma?"

"Nimesoma."

"Magari yote matano yanaelekea Rodi Kopany. Leo Pieters hatoki."

Pieters alikuwa mamluki mwenye pasipoti tatu. Katoni arobaini za baruti ya migodini zilikuwa zimefichwa chini ya sakafu ya lori lake la ng'ombe, na mahali fulani ziwani boti ilikuwa ikimsubiri. Zikivuka maji, zingelipuka katikati ya watu. Nchagwa ndiye aliyemuuzia ng'ombe, na ndiye aliyekuwa jicho la Idara ndani ya genge lake.

Kila kitu kilikuwa sawa. Mbona basi moyo haukutulia?

Alisoma tena. Akasoma mara ya tatu. Akabonyeza kidude cha sikioni.

"Sammy, ujumbe wa Nchagwa una urefu gani?"

Sammy ndiye fundi aliyemleta Karani, na alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. "Madam, Karani hakosei hata..."

"Sekunde, Sammy."

"Tisa."

Millicent alikanyaga breki. Mwenye bodaboda nyuma yake alipiga honi na kumtukania ukoo mzima.

"Na ule wa juzi?"

"Dakika mbili na nusu, madam."

"Nirushie sauti yenyewe."

Ilikuja. Ilikuwa sauti ya Nchagwa, kavu, moja kwa moja. Kila neno lilikuwa kama Karani alivyoliandika. Lakini hapakuwa na mama. Hapakuwa na mvua. Hapakuwa na ng'ombe.

Nchagwa angemsalimu hata mwizi aliye dirishani kwake.

Wamemshika.

Hofu ikageuka aibu. Huyu mzee alikuwa amepiga kelele kwa njia pekee aliyobakiwa nayo, na yeye alikuwa ameisoma akaona raha.

Akasikiliza tena. Nyuma ya sauti, injini ya dizeli. Tuk-tuk-tuk-tuk. Aliijua ngurumo hiyo tangu utotoni. Mashine ya kukamua miwa. Ndhiwa, nchi ya miwa! Lakini Ndhiwa mashine ni nyingi, ungeanzia wapi?

Ngoja kwanza. Leo ni Jumamosi.

Wenye mashine za upande ule karibu wote ni Wasabato. Jumamosi injini hulala, na wao huwa kanisani. Akampigia Liz, mwenye kibanda cha simu sokoni Ndhiwa.

"Liz, leo kuna mtu anakamua miwa huko?"

"Yawa, Milly, usiniulize! Wale wageni waliokodi mashine nyuma ya daraja. Tangu asubuhi ni kelele tu, mchungaji amehubiri mpaka sauti imekauka. Na miwa yenyewe sijaona ikiingia!"

"Ero kamano, Liz. Asante sana."

Akarudi redioni. "Kituo, Rodi Kopany ni mtego. Lori liko Ndhiwa, litatorokea ziwani upande wa Karungu. Nipe magari mawili."

"Umejuaje?"

"Nchagwa hakusalimu."

Redio ikakwaruza tena.

"Oyaro, unataka nivunje kizuizi kwa sababu mtu hakusalimu?"

"Ndiyo, Madam. Tukichelewa watamuua."

"Chukua mawili. Ukikosea, usirudi hapa."

Alipofika Rodi Kopany alikata kushoto kuelekea Ndhiwa bila kugusa breki.

Magari yalikuwa dakika kumi nyuma yake. Hakuyangoja. Aliliacha Probox kwenye shamba la miwa, akaenda kwa miguu. Lori lilikuwa uani, dereva ndani, ng'ombe wakilia. Mlinzi mmoja alikuwa mlangoni. Ile injini waliyoiwasha ili majirani wasisikie mtu akipigwa, sasa ilimeza hatua zake. Kifaa cha umeme kiligusa shingo ya mlinzi. Akalala bila neno.

Ndani, Nchagwa alikuwa amefungwa kwenye kiti. Pieters alikuwa na bastola ya Beretta mkononi, akitazama saa.

"Wameshafika Rodi," alisema kwa Kiswahili cha kuvunjika. "Sasa wewe kazi imeisha."

Beretta ikainuka.

Millicent, aliyejibanza nyuma ya injini, alifunga bomba la dizeli.

Injini ilikohoa, ikafa. Kimya kilimshtua Pieters kuliko mlio wowote. Aligeuka.

Risasi moja. Bega. Beretta ikaanguka kwenye majivu ya jiko la kuchemshia maji ya miwa.

Nje, dereva aliondoa lori kwa fujo na kukutana uso kwa uso na Land Cruiser mbili za Idara langoni. Akazima injini mwenyewe.

Millicent alikata kamba. Mdomo wa mzee ulikuwa umevimba, shati lina damu.

"Walisema nikiongeza neno moja wananimaliza," alisema Nchagwa. "Nikajua wewe utashtuka."

"Mzee, nilikaribia kutoshtuka. Nisamehe. Umeumia wapi?"

Nchagwa aliinua kidole. Angoje.

"Kwanza, Milly. Mama ameamkaje?"

Maafisa walikuwa wakimwita kutoka nje. Hakugeuka.

"Ameamka vizuri, mzee."

"Mvua je?"

"Imenyesha. Mahindi yamesimama."

"Na ng'ombe?"

Millicent alitazama uani. Maafisa walikuwa wakiwashusha ng'ombe mmoja mmoja, na chini ya mbao zilizong'olewa katoni zilikuwa zimepangana.

"Wazima wote, mzee. Kumi na wanane."

Nchagwa alicheka, akatema damu, akacheka tena. "Haya. Sasa niseme kazi."

Sikioni, Sammy aliuliza kwa unyonge: "Madam, ripoti ya majaribio. Karani tumwandikie nini?"

"Andika kwamba hakukosea hata neno moja."

Akakitoa kidude sikioni, akakitia mfukoni, akavaa miwani ya jua. Kisha akamshika mzee mkono, wakatembea polepole kwenda sokoni kutafuta chai, Nchagwa akiwa ndiyo kwanza ameanza kuulizia mbuzi.